JOTO KATIKA KARAKANA YA NYUMBANI: CHAGUA KWA UANGALIFU



Mwezi wa sita na wa saba hapa Dowa si wa mchezo. Sisi tuliotoka Uvira, Bujumbura na pande za ziwa hatukuzoea asubuhi ambayo vidole vinakataa kushika randa. Usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Na fundi hatafuti joto kwa ajili ya mikono tu. Gundi nyeupe ya maji haishiki vizuri ikipata baridi. Hukauka kama chaki kwenye maungio, na kiti ulichouza kinaanza kulegea kabla mwezi haujaisha. Vanishi nayo inakaa ikinata siku mbili. Kwa hiyo sikuja kuwaambia wazee wangu wasitafute joto. Nimekuja tuzungumze ni joto lipi, maana chumba chetu ni kidogo, kina maranda, vumbi la mbao na tina, na mara nyingi watoto wamelala nyuma ya pazia.

Mbabula ndani ya chumba

Wengi wetu tunatumia mbabula ya makaa. Wenyeji wanaiita mbaula, kwa hiyo hata sokoni hatupotezani. Makaa yakishashika vizuri hayatoi moshi, na hapo ndipo tunapodanganyika. Tunasema moshi umekwisha, sasa tuiingize ndani. Lakini makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya hewa nzuri, na damu inazunguka mwilini bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinahitaji. Mtoto mchanga na mama mjamzito huumia upesi zaidi, na mtoto aliye tumboni pia.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito na akili kuchanganyikiwa. Mtu wa kambini akisikia hivyo anasema ni malaria. Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kazi kwa fundi wa mtaa wetu alilalamika kichwa karibu kila asubuhi. Akanunuliwa dawa ya malaria bila kupimwa. Akaenda kusaidia shambani siku tatu, kichwa kikaacha. Aliporudi karakanani, kikarudi. Alikuwa analala humo kulinda mbao zisiibiwe, mlango umefungwa, mbabula iko miguuni. Asubuhi moja hakufungua mlango. Walipouvunja walimkuta hajitambui. Alipona, lakini kwa wiki nyingi alikuwa akisahau vipimo ambavyo zamani alivijua kwa kichwa.

Basi shika alama hii: kichwa kinachouma bila homa, kinachopungua ukitoka nje, na kinachowauma watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa pamoja, kitilie shaka makaa. Bado nenda ukapimwe malaria, lakini mwambie muuguzi kwamba mlilala na makaa. Asipoambiwa atajuaje?

Ukimkuta mtu ameanguka katika chumba chenye makaa, fungua mlango, mtoe nje haraka, na wewe usikawie humo. Mpeleke kituo cha afya hata kama ameamka. Maziwa hayasaidii. Dawa yake ni oksijeni.

Maneno ninayoyasikia kila mwaka

Nikipita nyumbani kwa watu naambiwa, "Tunaweka sufuria ya maji juu ya makaa, maji yanavuta sumu." Maji hayavuti sumu hiyo. Wengine wanasema wameacha dirisha wazi kidogo. Tundu dogo si kinga ya kutosha, na saa nane usiku baridi ikizidi mtu huliziba kwa gunia. Mzee mmoja aliniambia amefanya hivyo miaka kumi na hajafa. Sikubishana naye kwa sababu ya umri wake, ila hewa haihesabu miaka. Usiku mmoja makaa yanakuwa mengi zaidi au mlango umebana zaidi, basi.

Tena kuna moto wenyewe. Maranda makavu yanawaka kwa cheche moja. Vumbi laini la msasa likiwa limejaa hewani linaweza kulipuka likikutana na mwali. Mvuke wa tina na wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka uikute mbabula upande wa pili wa chumba. Siku ya kupaka vanishi pasiwe na moto wowote ndani, hata sigara. Weka ndoo ya mchanga mlangoni, kwa kuwa ukimwagia maji tina inayowaka, maji yanaieneza.

Vifaa vingine

Jiko la mafuta ya taa na hita ya gesi isiyo na bomba la kwenda nje vinawaka kwa hewa ya chumba kama mbabula. Sivishauri katika chumba kilichofungwa.

Mwenye umeme ana nafuu, maana hita ya umeme haitoi sumu. Lakini ile yenye waya mwekundu unaong'aa isikae penye vumbi la mbao. Afadhali ile iliyofungwa, yenye mafuta ndani, na iwe mbali mita moja na kila kinachoweza kuungua. Angalia pia nyaya. Hita ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9, na ule waya mwembamba tuliovutia balbu utayeyuka ndani ya ukuta bila wewe kuona. Wenye paneli ya jua ya wati 50 wasijisumbue. Zingehitajika paneli 40 za namna hiyo, na jua kali, kwa hita moja tu.

Jiko la vumbi la mbao lenye bomba la kutoa moshi nje linafaa kwa nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa mabati. Bomba lipite ukutani, lizungushiwe udongo, litokee juu ya paa. Kwa nyumba ya nyasi au ya turubai, hapana. Cheche moja ikitoka bombani, na upepo wa mwezi wa nane ukivuma, mstari mzima wa nyumba unakwenda.

Moto nje, joto ndani

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na haina gharama mpya. Moto ubaki nje, uingize joto peke yake. Chemsha maji nje, uyaingize katika sufuria kubwa yenye kifuniko. Lita 20 za maji ya nyuzi 60 zikipoa mpaka nyuzi 20 hutoa joto karibu sawa na hita ya wati 1000 kwa saa moja. Au pasha matofali ya kuchoma yaliyokauka vizuri, uyatie katika ndoo ya chuma iliyosimama juu ya tofali jingine. Usitumie mawe ya mtoni, hupasuka yakipata moto. Tofali lisiwe jekundu. Kiasi cha kukausha tone la maji kinatosha. Fagia maranda kabla ya kuingiza ndoo.

Gundi iweke kopo lake ndani ya maji ya vuguvugu dakika kumi kabla ya kazi. Na mbao zenyewe zianike juani kwanza, kwa sababu gundi ya moto juu ya mbao baridi inapoa papo hapo. Panga siku yako hivi: asubuhi na mapema pima na kata nje, ukiota jua, gundisha kati ya saa nne na saa tisa, jioni funika kazi iliyobanwa kwa blanketi karibu na sufuria ya maji ya moto.

Anayelala karakanani kulinda mbao alale na blanketi mbili, na mbabula aiache nje ya mlango. Kama huna blanketi ya pili, muone mhamasishaji wa mtaa wako kabla ya Ijumaa ili jina lako liandikwe.