MBARIKA NA DAWA YA SARATANI: GUNIA MOJA NI LA WAGONJWA WANGAPI?

Mbarika huvumilia ukame, ndiyo maana si mgeni katika mashamba ya Dodoma na Singida. Mnunuzi wa mnadani akisikia kwamba mafuta yake yamo katika dawa ya saratani, haraka hufikiria kujaza ghala na kungoja bei ipande. Kabla hajafunga mtaji wake humo, apige hesabu.

Habari yenyewe ni ya kweli. Dawa ya paklitakseli, iliyogunduliwa katika gome la mti wa Marekani, haiyeyuki katika maji. Ili mgonjwa aweze kutundikiwa, huyeyushwa kwa alkoholi na kiyeyusho kiitwacho Cremophor EL, cha kampuni ya BASF ya Ujerumani, kinachotengenezwa kwa mafuta ya mbarika na gesi ya ethilini oksaidi. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa sarkoma ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, saratani ya madoa na vinundu vyeusi vya ngozi. Kwingi duniani ni nadra. Afrika Mashariki inafahamika mno.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2020 ulihusisha wagonjwa 334, wakiwemo wa Kenya na Uganda, wote wakitumia pia dawa za kufubaza virusi. Baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopewa paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa bleomisini na vinkristini.

Sasa hesabu. Mililita moja ina miligramu 6 za dawa na miligramu 527 za kiyeyusho. Mgonjwa wa miligramu 170 hupata gramu 15 hivi za kiyeyusho. Kwa dozi sita, gramu 90. Mafuta ya mbarika ni theluthi na ushei tu ya uzito huo. Gunia la kilo 100 likitoa kilo 40 za mafuta, linawatosha wagonjwa zaidi ya elfu moja! Soko la namna hiyo haliwezi kupandisha bei ya gunia. Wanunuzi wakubwa ni viwanda vya vilainishi, rangi na nailoni, na bei hufuata mavuno ya India, mzalishaji mkuu.

Tena kiyeyusho hicho kina kasoro. Huweza kuleta mzio mkali, hivyo mgonjwa hutangulizwa dawa za kuuzuia. Tangu 2005 ipo paklitakseli iliyofungwa kwenye protini ya albumini, isiyokihitaji kabisa.

Mafuta yenyewe hayatibu saratani. Kazi yake ni kubeba dawa. Anayeyauza kwa chupa kama tiba anamwibia mgonjwa fedha na muda. Na mwenye mashine ya kukamua akumbuke kwamba sumu ya risini hubaki kwenye mashudu: yasiuzwe kwa wafugaji kama yale ya alizeti.