Kutambua Fanksheni, Domeni na Renji kwa Grafu

Maana
Fanksheni ni uhusiano ambapo kila thamani ya x ina thamani moja tu ya y. Domeni ni thamani zote za x ambazo grafu inazigusa. Renji ni thamani zote za y.

Mfano
Mwaka wa 1968 huko Mexico City, Naftali Temu, mwana wa Gusii, aliishindia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Alikimbia mita 10,000, yaani mizunguko 25 ya mita 400, kwa dakika 29 na sekunde 27.4, ambazo ni sekunde 1,767.4.

*Grafu ya kwanza:* x ni muda kwa sekunde. Y ni jumla ya mita alizokimbia. Chora mstari wa wima popote: unakata grafu mara moja tu, kwani hakuna mtu awezaye kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Hii ni fanksheni.
Domeni: 0 ≤ x ≤ 1,767.4
Renji: 0 ≤ y ≤ 10,000

*Grafu ya pili:* x ni muda. Y ni mita alizokimbia katika mzunguko alio nao. Kila akivuka mstari wa kumalizia, hesabu inarudi 0. Grafu hupanda hadi karibu na 400, kisha huanza upya chini. Juu tunaweka duara tupu (400 haimo). Chini, nukta iliyojazwa (0 imo).
Domeni: 0 ≤ x ≤ 1,767.4
Renji: 0 ≤ y < 400

Je, hii ya pili ni fanksheni?
Ndiyo. Mstari wa mlalo kwenye y = 200 unakata grafu mara 25, lakini hilo halina neno. Kinachopimwa ni mstari wa wima. Sasa badilisha mihimili: mita ziwe x, muda uwe y. Mstari wa wima kwenye x = 200 utakata mara 25. Hiyo si fanksheni.

Tanbihi kwa mtahiniwa
1. Domeni isome kushoto kwenda kulia. Renji, chini kwenda juu. Wengi huzibadilisha na kupoteza alama walizokwisha kuzifanyia kazi.
2. Duara tupu: < au >. Nukta iliyojazwa: ≤ au ≥.
3. Usiandike tu "ni fanksheni". Toa sababu.

Zoezi
Mwanafunzi wa Sironga anatembea kutoka bweni hadi darasa lililo mita 120 mbele kwa dakika 2, anakaa dakika 3, kisha anarudi bwenini kwa dakika 2. Chora grafu ya umbali wake kutoka bwenini dhidi ya muda. Je, ni fanksheni? Taja domeni na renji.

Jibu: Ni fanksheni, kwa kuwa kila mstari wa wima unaoigusa grafu unaikata mara moja. Domeni: 0 ≤ x ≤ 7. Renji: 0 ≤ y ≤ 120.