SANDUKU LIKIJAA, BARUA HURUDI

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nawaletea somo kuhusu ufa ambao wengi wetu hatuuoni mapema: kujaa kwa nafasi katika baruapepe na tarakilishi.

Nianze na kisa cha nyumbani. Kaka yangu alipomaliza kidato cha nne aliomba ufadhili wa masomo, akaambiwa majibu yangekuja kwa baruapepe. Kila jioni akitoka kukata miwa alifungua simu, akakuta kimya. Mwishowe alipiga simu kuuliza. Kumbe barua ilitumwa ikarudi ilikotoka, kwa sababu sanduku lake lilikuwa limejaa pomoni! Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imeshapita. Mama alishika tama. Onyo lilikuwa limetokea kwenye simu siku nyingi, lakini kaka alidhani ni tangazo la biashara tu.

Sasa tuingie darasani. Kama vile mahindi hupimwa kwa gorogoro na gunia, nafasi ya tarakilishi hupimwa kwa baiti. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja. Baiti elfu moja ni kilobaiti, kilobaiti elfu moja ni megabaiti, na megabaiti elfu moja ni gigabaiti. Miaka ya 1990 watu walibeba kazi zao kwa disketi yenye megabaiti 1.44. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingehitaji disketi tatu!

Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa gigabaiti 1, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wajinga, wengine walidhani ni mzaha. Siku hizi mtu hupewa gigabaiti 15 bila malipo. Lakini sikilizeni vizuri: hizo 15 si za barua pekee. Ni ghala moja lenye milango mitatu, yaani Gmail, Google Drive na Google Photos. Tangu Juni 1, 2021, kila picha mpya inayohifadhiwa katika Google Photos huhesabiwa humo. Basi ikiwa simu yako hupeleka huko video za harusi na za mpira, hizo ndizo zinazoifungia barua mlango. Kaka alikuwa akifuta barua fupi fupi. Ilikuwa sawa na kuokota punje sakafuni ilhali magunia yamefika darini.

Utajuaje nafasi iliyobaki? Fuata hatua hizi:

1. Katika simu, fungua Gmail, kisha gusa picha au herufi yako iliyo juu kulia. Utaona kiasi kilichotumika kati ya gigabaiti 15. Katika tarakilishi, tazama chini kabisa ya ukurasa wa barua.

2. Tafuta mizigo mizito kwanza. Katika nafasi ya kutafutia andika larger:10M, nazo barua zote zinazozidi megabaiti 10 zitajitokeza.

3. Picha unazozipenda zinakili kwenye flashi kabla ya kuzifuta. Majuto ni mjukuu.

4. Mwaga pipa la taka. Barua uliyofuta hukaa pipani siku 30, na muda wote huo bado inakula nafasi yako.

Ghala likijaa kabisa, hutatuma wala hutapokea barua.

Je, tarakilishi? Katika zile zinazotumia Windows, fungua This PC. Chini ya diski C utaona mstari na maelezo ya nafasi iliyobaki. Ukiwa wa buluu, uko salama. Ukigeuka mwekundu, nafasi iliyobaki ni chini ya sehemu moja kwa kumi. Wanafunzi wa somo la Kompyuta, tazameni mstari huo kabla ya kuanza mradi wenu wa KCSE, kwani diski iliyojaa hukataa kuhifadhi kazi mpya. Lakini msifute faili msizozijua, hasa katika mashine za shule.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ukinunua diski ya gigabaiti 500, Windows itakuonyesha 465 hivi. Usimwite mwenye duka mwizi! Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, nayo Windows huhesabu kwa 1,024. Diski ni ile ile ila gorogoro ndizo mbili.

Wenzangu, majibu ya vyuo, ya ufadhili na ya kazi huja kwa baruapepe. Mwenye shamba hufagia ghala kabla ya mavuno, wala hangoji trela lifike langoni. Nawe pima sanduku lako kabla ya kutuma maombi yoyote.

ZOEZI

(a) Ikiwa picha moja ni megabaiti 3, gigabaiti 15 zitabeba picha ngapi?

(b) Eleza kwa nini kufuta barua pekee hakutoshi kupata nafasi.

(c) Tunga sentensi moja kuonyesha maana mbili za neno 'jaa'.

Jibu la (c) kutoka kwangu: Usingoje sanduku lako lijaze huzuni nyumbani; likianza kujaa, peleka uchafu wake jaani.