Vidonge vya Presha Kwenye Droo ya Ofisi

Mgongano wa kazi na familia huanza pale mwajiri na nyumba wanapomdai mtu mmoja kwa wakati mmoja. Watafiti wa Marekani, Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, waliugawa mwaka 1985 katika sura tatu: muda unaoliwa na upande mmoja, uchovu unaovuka kwenda upande wa pili, na mwenendo unaofaa kazini lakini unaoudhi nyumbani. Barua ya wiki hii, ya mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, ina sura zote tatu. Ina pia jambo la nne, ambalo mwandishi wake amelipita haraka haraka. Barua ni ndefu. Kiini chake ni hiki:

"Naingia kazini saa moja asubuhi, natoka saa moja usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Meli ikifunga gati, hata Jumapili napigiwa simu. Nina watoto wawili, mume na mama mkwe. Nikifika, watoto wameshalala. Nikisema nimechoka, mama mkwe hunijibu kwamba mke wa mtu hana haja ya kukimbizana na meli. Mwaka juzi niliambiwa nina presha. Vidonge ninavyo kwenye droo ya ofisini, nameza kila nikifika. Ajabu ni kwamba nikipumzika ndipo naumwa. Likizo ya siku 28 yote nilishinda na kichwa na kizunguzungu. Je, niache kazi?"

Kuacha kazi, kuomba kuhamishiwa kitengo kingine, kuajiri dada wa kazi: yote yanawezekana, na hakuna hata moja linaloshusha presha.

Jambo zito katika barua hii ni droo. Dawa ya presha hufanya kazi kwa kumezwa kila siku. Ikiachwa, presha hupanda tena, mara nyingi bila mwenyewe kuhisi chochote. Vidonge vilivyo ofisini havimezwi Jumapili, havimezwi sikukuu, na katika likizo havikumezwa kwa siku 28 mfululizo. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu vina sababu nyingi, na mwenye kuamua ni daktari. Lakini mgonjwa wa presha aliyekaa takriban mwezi mzima bila dawa hana sababu ya kuyalaumu mapumziko.

Na dawa isiyofika nyumbani ni dawa inayofichwa. Kwa miaka miwili mwanamke huyu ameificha, kwa kuhofia kwamba ugonjwa wake utakuwa ushahidi wa kumtoa kazini. Hofu hiyo inaeleweka. Kuifuata mpaka kuacha dawa ni kosa kubwa, na kosa hilo linaweza kumuua.

Tofauti za tamaduni zina nafasi yake hapa. Mwaka 2007 Paul Spector na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha nchi 20. Katika nchi za Magharibi zinazozungumza Kiingereza, kazi inayovuruga familia ilihusiana zaidi na kutoridhika na kutaka kuacha ajira kuliko katika Asia, Ulaya Mashariki na Amerika ya Kusini. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kwenye jamii za ukoo, saa nyingi za kazi huhesabiwa kuwa ni jasho la wote, na bibi au shangazi huziba pengo la nyumbani.

Uvumilivu huo, hata hivyo, hauilindi mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Japani, taifa linalosifika kwa utii kazini, ilifika mahali pa kutunga sheria mwaka 2014 ya kuzuia vifo vinavyotokana na kazi kupita kiasi.

Faida ya ukoo humfikia yule ambaye ukoo unajua hali yake. Familia isiyojua ugonjwa wa mtu wake hugeuka mwajiri wa pili: hudai, hununa akichelewa, humpangia majukumu kama mzima, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoonyeshwa. Neno la mama mkwe linaumiza, na halina utetezi. Lakini watoto wanaokutwa wamelala kuna mtu aliyewalisha na kuwalaza, na mtu huyo ana haki ya kujua anambebea nani mzigo. Mume naye ametajwa mara moja tu, katikati ya hesabu ya waliomo nyumbani. Mkewe akianguka usiku, ndiye atakayempeleka hospitali, na daktari atamuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Kwa sasa mume huyo hana jibu.

Upande wa mwajiri, hesabu ni fupi. Ukiondoa saa ya chakula, mhasibu huyu hufanya kazi saa 66 kwa wiki, yaani 264 kwa wiki nne, bila Jumapili za meli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Jumla ni 230. Saa hizo ziandikwe, zipelekwe kwa mwajiri kwa barua. Akikataa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Barua hiyo inaweza kungoja wiki ijayo. Vidonge virudi nyumbani leo, mume aambiwe leo hii, na mama mkwe aambiwe na wote wawili. Kliniki aende kabla ya Jumapili, na daktari aelezwe bila kufichwa kuhusu zile siku 28.