Tezi ya Wanaume na Taabu ya Mkojo

Wasomaji wetu, twataka kunena juu ya ugonjwa ambao wazee wengi huuficha kwa haya. Mzee huamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo. Mkojo hukawia kutoka, nao hutoka kwa udhaifu. Watu wa nyumbani hunong'ona habari za kisonono, naye hunyamaza. Kweli, kisonono cha zamani chaweza kuifanya njia ya mkojo iwe nyembamba. Lakini kwa wazee, mara nyingi asili ya taabu hii si zinaa, wala si uchawi.

Chini ya kibofu cha mwanamume iko tezi dume, nayo imeizunguka njia ya mkojo kama pete izungukavyo kidole. Korodani hufanya homoni iitwayo testosteroni, nayo huchukuliwa na damu kama tarishi achukuavyo amri. Ndani ya tezi homoni hiyo hugeuzwa kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, ambayo huiamuru tezi ikue. Nalo la ajabu ni hili: uzeeni testosteroni katika damu hupungua, walakini tezi haikomi kukua. Yapata nusu ya wanaume waliofika miaka 60 tezi zao zimeanza kukua hivyo, ijapokuwa si wote wasumbukao.

Twajuaje kwamba homoni ndiyo iletayo haya? Wanaume waliohasiwa utotoni hawapatwi nayo. Tena mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za jamaa za Jamhuri ya Dominika, ambamo wanaume kadha wa kadha walizaliwa pasipo uwezo wa kuigeuza testosteroni. Nazo tezi zao zilibaki ndogo hata ukubwani. Maarifa hayo yalisaidia kupatikana kwa dawa iitwayo finasteridi, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1992. Hiyo huipunguza tezi, lakini polepole, pengine miezi sita. Basi mgonjwa asiitupe baada ya juma mbili akisema haifai. Iko dawa ya namna nyingine ilegezayo misuli ya njia ya mkojo, nayo hufanya kazi upesi. Na wengine hupasuliwa.

Dalili hizo hizo zaweza kuonekana pia penye saratani ya tezi, wala mtu hawezi kuzipambanua kwa kukisia. Ni kazi ya daktari. Na mkojo ukizibika kabisa, tumbo la chini likavimba na kuuma, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, apitishiwe mpira, maana kukawia kwaweza kuharibu figo.