Wakfu, Ruzuku na Daftari la Mweka Hazina



Ndugu zangu, likizo iliyopita niliandika ombi la ruzuku kwa niaba ya madrasa ya kwetu Busia, upande wa Kenya. Tulitaka kisima, maana watoto huchota maji mbali kabla ya kuja kusoma. Nilipewa kalamu kwa sababu moja tu: "huyu yuko chuo kikuu." Tukakataliwa. Wengi wenu mtarudi Tororo, Malaba na Busia na mtapewa kalamu hiyohiyo, kwa hiyo tusome pamoja tulikosea wapi.

Tuanze na jina. Taasisi ya aina hii kwa Kiswahili huitwa wakfu, na jina hilo limekaa mahali pake. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba la Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, shamba lisiuzwe, lisirithiwe, wala lisitolewe zawadi. Wakfu wa jamii una mwendo unaofanana na huo. Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, hutoa ruzuku na pia husaidia jamii kujenga mifuko yao wenyewe, ambamo mtaji hubaki na faida ndiyo hufanya kazi.

Basi anayesoma ombi lako amekaa mahali pa nadhiri wa wakfu. Mali si yake, na hawezi kuitoa kwa sababu umelia vizuri. Ombi letu lililia sana. Neno "yatima" lilikuwa karibu katika kila aya. Yeye alitaka kujua sisi ni nani kisheria, tumetoa nini wenyewe, na fedha za jana zilikwenda wapi.

La kwanza ni jepesi. Kenya kuna sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii, na mlango wake ni ofisi ya maendeleo ya jamii. Uganda, chini ya sheria ya mashirika ya mwaka 2016, kikundi kidogo husajiliwa wilayani. Kikundi chetu kina watu wa pande zote mbili, maana hapa ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, na kwetu mpaka ni njia ya kwenda dukani. Lakini karatasi haivuki kama sisi. Chagueni upande mmoja, msajiliwe huko na akaunti ya benki ifunguliwe huko.

La pili, niliandika kwamba hatuna kitu. Si kweli. Kiwanja alikitoa mzee wetu mmoja, vijana waliahidi kuchimba mtaro wa mabomba, akina mama waliahidi kuwapikia. Hayo yote huandikwa kwenye bajeti kwa thamani ya fedha kama mchango wa jamii.

La tatu ndilo lililotuangusha. Mama yetu mweka hazina ni mwaminifu, wallahi, ila alikuwa na daftari moja: zakat, sadaka, ada za madrasa na michango ya mazishi, zote safu moja. Nami nikachukua jumla ya chini nikaiandika kuwa mchango wetu wa fedha. Maana yake nilitia zakat kwenye kisima kitakachotumiwa na kijiji kizima, matajiri na majirani zetu Wakristo wakiwemo, wakati wanaostahiki zakat wametajwa makundi manane katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na wanavyuoni wengi hawaruhusu itumike kwa ujenzi wa namna hiyo. Somo la zakat nililifaulu vizuri sana chuoni! Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na iliteremka kwa watu waliokuwa waaminifu kuliko sisi.

Kuna mtu ataniuliza: je, mtaji wa wakfu ukiwa umewekwa kwenye riba? Swali la haki. Waulizeni kwa maandishi, kabla ya kuomba, fedha zao zinatoka wapi, kisha mpelekeeni jibu hilo kadhi au sheikh anayejua. Mimi ni mwanafunzi tu, na kundi la WhatsApp si mahali pa fatwa.

Sasa tunaomba tena. Madaftari ni matatu, zakat ina lake, na kila mwezi watu wawili hutia saini. Kilichobaki ni kiwanja. Mzee alikitamka kuwa wakfu msikitini mbele ya watu, lakini hapakuandikwa kitu, na hati bado ina jina lake. Akifariki leo, kisima kitakuwa kwenye ardhi ya mirathi. Ametia kidole gumba kwenye karatasi ya wakfu, na wanawe wawili wametia saini kama mashahidi. Wa tatu anafanya kazi Tororo. Nitampitia Jumapili nikirudi chuoni Mbale, karatasi ninayo mfukoni.