SOMO LA ROBO HII: FEDHA YA PAMOJA IFUNGWE KWENYE NANGA IPI?



Mwaka 2013 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mjini Kampala itifaki ya umoja wa fedha. Sarafu moja ilikusudiwa kuanza 2024. Sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Muda wa kujifunza kwa waliotangulia bado upo.

Wazee wetu wanaikumbuka shilingi ya Afrika Mashariki, iliyofungwa kwenye pauni ya Uingereza kwa shilingi 20. Nchi za Afrika Magharibi na Kati zilifunga faranga yao ya CFA kwenye faranga ya Ufaransa, 50 kwa 1. Faida ilionekana: bei hazikupanda ovyo. Lakini bei za kahawa na kakao ziliposhuka duniani miaka ya 1980, kiwango hakikuweza kusogea, na serikali zikaishiwa. Tarehe 12 Januari 1994 kiwango kikawa 100 kwa 1, kwa siku moja. Wakomoro walihama kutoka 50 hadi 75.

Tufikirie zahanati iliyokuwa imetunza CFA 500,000 za kuagiza dawa Ufaransa. Juzi yake zilikuwa faranga 10,000 za Kifaransa. Sasa ni 5,000. Mfadhili aliyetuma faranga 10,000 hakupoteza kitu, na kwa mishahara ya hapo hapo alipata mara mbili. Aliyepoteza ni muumini aliyetoa sadaka yake kwa CFA. (Wafadhili mtusamehe, lakini hili halionekani kwenye taarifa zenu!) Mkulima wa pamba, kwa upande wake, alikuwa na haki ya kudai bei bora.

Tangu 1999 CFA imefungwa kwenye yuro, 655.957 kwa 1. Pamba huuzwa kwa dola. Yuro ikipanda dhidi ya dola, pamba ile ile huleta CFA chache, ingawa mkulima hajakosea lolote.

Kwetu mafuta hulipwa kwa dola, kahawa na chai huuzwa kwa dola, na bidhaa nyingi zinatoka China na India. Kwa maoni yetu, kama ni lazima kufunga, kapu la sarafu kadhaa ni salama kuliko nanga moja, na kiwango kipitiwe mapema, kidogo kidogo.

Maswali ya kujadili katika kamati:
Akiba ya parokia yenu imewekwa kwa fedha gani? Mkandarasi wa jengo lenu atadai kwa fedha gani?